Tarumbeta Nililolichoma Mimi

Mzee wangu Ndahani,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikanyamaza kidogo, kama nilivyozoea kungoja ile "marahaba, Zai" yako itoke nyuma ya jiko la mkaa. Haikutoka. Basi naendelea.

Ni mwezi wa tano sasa tangu tukuzike kule Msalato. Watu walikuwa wengi siku ile, na mchungaji alikusema vizuri, lakini mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na uzio wa michongoma. Kulikuwa na neno moja la kweli juu yako ambalo hakuna aliyelisema, na wa kulisema nilikuwa mimi peke yangu. Nakuandikia kukwambia kwamba nimelisema. Ila ngoja nianze mwanzo, maana hukupenda mtu anayekupa habari kwa kuanzia mkiani.

Kibanda bado kipo. Fuawe lako lipo palepale, na makasi ya bati nimeyanoa. Jirani yetu mwenye duka ameongeza ndoo za plastiki, za kila rangi, amezipanga mpaka zimepita kimo cha mtu. Nakumbuka siku ulipochukua moja ukaigonga kwa kidole, ukasikiliza, ukairudisha. "Haina la kusema hii," ulisema. "Ikipasuka, wataipeleka kwa nani?" Ulikuwa hulalamiki. Ulikuwa unauliza kweli. Sasa wanaokuja kwetu wengi ni wa gata za kukingia maji ya mvua kwenye nyumba za watumishi wanaozidi kuhamia mjini, na masufuria yaliyotoboka, na mara mojamoja tangi la pikipiki. Karai hatutengenezi tena. Sijui kama ungehuzunika. Nadhani ungesema bati ni bati.

Mzee, nilipokuja kwako mara ya kwanza sikujua hata bati lina sauti. Nilikuwa nimetoka kupunguzwa kazini kwenye shirika la umma, baada ya miaka kumi na mmoja ya kupiga chapa. Walituita ukumbini, wakatusomea majina, wakatushukuru. Nilirudi nyumbani na watoto wawili wakiniangalia usoni. Wiki ile ile nilileta kwako ndoo inayovuja, nikasimama kukutazama ukiilehemu, nikasimama mpaka ukamaliza, nikaendelea kusimama. Ukaniuliza, "Mama, kuna nyingine?" Nikasema hapana. Nikasema nataka kujifunza. Nilitegemea ucheke. Ukaniangalia mikono, si uso, ukasema, "Kesho uje na kitenge kikuukuu. Cheche hazichagui."

Hukuuliza kama mwanamke anaweza. Wengine waliuliza kwa ajili yako, kila siku, mbele yangu. Wateja walikuwa wakinipita pale mlangoni kama mtu anavyopita gunia. Wengine walikwambia wazi wazi, "Kazi yangu uifanye wewe mwenyewe, Fundi, si huyu mama." Nawe ulikuwa ukiwajibu, "Sawa," kisha wakiondoka unanipa mimi niifanye, umesimama pembeni yangu, mkono nyuma. Wakirudi kuichukua waliisifia. Hukuwaambia. Ulinitupia jicho tu, na mimi nikainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo, nisicheke.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku Mwalimu Yeremia alipotuletea tarumbeta la gramafoni yake.

Unalikumbuka lilivyokuja, limefungwa kwenye shuka, limepakatwa kwenye basi kutoka Mlali kama mtoto mgonjwa. Mwalimu alikuwa amestaafu zamani, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile. Alituambia gramafoni ilikuwa ya baba yake, ya kuzungusha kwa mkono. Ndiyo iliyopigwa siku alipomwoa Mama Debora, watu wakacheza mpaka nyasi za uani zikaisha. Kisha upepo wa mwaka uliotangulia ulikuwa umeezua paa la ghala lao, boriti ikaangukia chombo. Sanduku lilipona. Tarumbeta likapondeka kiwikoni, na mdomo wake, ule uliotengenezwa kwa petali nane za bati kama ua la alizeti, ukakunjika upande mmoja na kufumuka maungio yake. Ndani lilikuwa limechorwa maua mekundu ambayo bado yalionekana kwa shida.

"Mwezi ujao tunatimiza miaka hamsini ya ndoa," alisema Mwalimu. "Nataka mke wangu aisikie tena."

Ulilishika tarumbeta lile kwa mikono miwili ukalizungusha juani. Uliendelea kulizungusha mpaka Mwalimu akaanza kukohoa. Kisha ukaweka midomo kwenye shingo yake ukaunguruma polepole, kama ng'ombe aliyeshiba. Tarumbeta likaunguruma nalo, halafu likaanza kutetema kwa sauti ya nyuki. "Hapa," ukasema, ukagusa ungio la tatu. "Na hapa. Palipo na nyuki pana tundu." Mwalimu alikutazama kama anavyotazamwa daktari. Nami nilikutazama hivyo hivyo.

Ulinifundisha mengi kwenye tarumbeta lile kuliko kwenye kazi zote za mwaka mzima. Ulitoa ile pembe ya ng'ombe uliyoilainisha kwa miaka, ukaiingiza ndani ya petali, ukawa unasukuma mbonyeo kutoka ndani huku kiganja kikipokea nje. Hukupiga nyundo. Ulisema bati la zamani ukilipiga linakasirika, lisukume litakuelewa. Kwenye kulehemu ulinionyesha kitambaa kibichi: kabla ya kugusa ungio moja kwa chuma cha moto, mengine yote unayafunika kwa kitambaa cha maji ili moto usisafiri. Unalehemu kidogo upande huu, unahamia upande wa pili, unaacha lipoe, unarudi. Nikakuuliza kwa nini tusilipige rangi kwanza tuone litakavyopendeza. Ukasema, "Rangi ni nguo. Mgonjwa humvishi suti kabla hajapona."

Tulikuwa tumebakiza kiwiko na maungio yale mawili. Siku nne tu zingetosha. Halafu ukaitwa msibani Kibaigwa kwa shemeji yako, ukaniambia, "Zai, fanya gata za yule bwana wa ardhi. Tarumbeta liache mpaka nirudi."

Mzee, sijawahi kukueleza kilichokuwa kichwani mwangu asubuhi ile. Hukuniuliza, na mimi nilishukuru kwamba hukuniuliza. Nilitaka urudi ukute limekwisha. Nilitaka ulizungushe juani, useme jina langu. Basi. Hakukuwa na sababu nyingine. Gata nilizimaliza saa nne. Nikalitazama tarumbeta. Nikasema nafsini mwangu, maungio mawili, nimeshamwona akifanya sita.

Chuma cha kulehemu kilikuwa kinachelewa kupata moto. Nikachukua ile stovu ya kupulizia, ile ya mafuta ya taa unayochomea mabomba mazito. Kitambaa kibichi sikukiweka. Nilisema ni sekunde chache tu. Moto uliporuka, ungio la tatu likashika vizuri sana, likang'aa, nikafurahi, na katika furaha ile nikasikia tone. Halafu la pili. Risasi ya maungio uliyokwisha kuyalehemu wewe ilikuwa inayeyuka na kudondoka chini. Petali zikaanza kuachana moja moja, kama mtu anayefungua vidole. Maua mekundu yalivimba, yakageuka meusi, yakabanduka. Nikaogopa, nikalishika lisianguke, likaniunguza, nikalivuta. Shingo ikachanika.

Nilikaa chini. Sijui nilikaa muda gani. Yule jirani wa ndoo alichungulia akauliza kama nimeungua, nikaficha mkono.

Ulirudi kesho yake asubuhi, vumbi la njia bado liko kwenye viatu. Vipande nilikuwa nimevipanga juu ya meza, vyote vinane na shingo. Sikuvificha, hilo peke yake ndilo jema nililofanya. Uliviangalia. Ukaiangalia stovu. Ukanikamata kiganja, ukakigeuza, ukaona malengelenge, ukasema, "Umekipaka nini?" Nikasema sijapaka kitu. Ukaenda kwa mama wa mgahawa ukarudi na asali, ukanipaka mwenyewe, kidole kwa kidole. Nikaanza kulia. Hukusema nyamaza.

Na ndipo Mwalimu Yeremia alipoingia. Hatukuwa tumemtegemea mpaka Ijumaa, lakini alikuwa mjini kwa mambo ya pensheni akaona apite. Alivua kofia. "Hodi, Fundi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Kisha akaona meza.

Nilifungua mdomo, Mzee. Naapa nilifungua. Ila wewe ulikuwa umeshasimama katikati yetu. Ulisema, "Mwalimu, nimekosea. Moto ulinizidi."

Alikutazama, akatazama vipande, akakutazama tena. "Wewe, Ndahani?"

"Mimi."

Alisema maneno mengi. Kwamba alikuamini. Kwamba kwa mafundi wote wa Dodoma alikuchagua wewe. Ulisimama umeweka mikono mbele kama mwanafunzi wake, ukaitikia kila kitu. Ukamwomba akuachie vipande ujaribu tena, akakataa. Alivikusanya mwenyewe kwenye shuka lile lile, vikawa vinagongana. Alipofika mlangoni alinitazama mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, kiganja kina asali, na mimi nikatazama chini.

Alipoondoka nilikuuliza kwa nini. Ulikuwa umeshachukua makasi unakata bati la mtu mwingine. Ulisema bila kuinua kichwa, "Jina langu limeshatembea, Zai. Lako halijaanza hata kutambaa. Wakisikia ni wewe, hakuna atakayekuletea hata kijiko." Kisha ukanisogezea mabaki ya bati. "Maungio ishirini. Kitambaa kibichi kila moja."

Niliyafanya yote ishirini kwa mkono mmoja. Ulikagua kila moja, mawili ukayakataa.

Nilidhani litaishia hapo. Halikuishia. Mwalimu ni mtu anayesikilizwa. Nusu ya wanaouza mahindi Kibaigwa aliwafundisha kusoma. Sherehe yao ya miaka hamsini ilikuja ikapita na redio kaseti ya kuazima, na kila aliyemuuliza iko wapi gramafoni alimwambia: Ndahani ameiua, Ndahani macho yamekwisha. Kanisa likatafuta fundi mwingine kwa gata zake, wewe uliyeweka zile za kwanza. Wateja wako wa zamani wakawa wanasalimia kwa mbali, kwa upole, kama wanavyosalimiwa wazee wasiojiweza. Uliyasikia yote hayo. Mimi nilikuona ukiyasikia. Siku moja mtu alikuja kuchukua sufuria akaishika juu kuelekea jua mbele yako, kukagua, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Ulimngojea amalize, ukamwambia karibu tena.

Na mimi nilinyamaza. Nilijiambia wewe ndiye uliyetaka hivyo. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, nikishapata wateja wangu wawili watatu. Halafu kifua kikakuanza, hospitali, nyumbani, hospitali tena. Mara ya mwisho nilipokuja kukuona ulinieleza jinsi ya kuhifadhi ile tindikali ya kulehemu isiharibike. Nilikuwa nimekuja kukuomba msamaha, nikaondoka nimejifunza habari ya chupa na kizibo.

Baada ya kukuzika nilikaa wiki sita. Siku ya Jumatatu moja nikafunga kibanda, nikapanda lori la mahindi linalorudi tupu, nikashuka njia panda, nikapata basi la Mlali.

Mwalimu alikuwa uani anachambua mbegu. Alinikumbuka. Alinipa pole ya msiba wako kwa adabu, akanipa kigoda. Mama Debora akaleta maji. Ni mama mdogo wa umbo, macho yamefifia, ila masikio hayajafifia. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, yote ikapotea. Nikasema tu, "Mwalimu, tarumbeta lako nililichoma mimi. Mzee Ndahani hakuwepo. Alinikataza nisiliguse nikaligusa. Alijitwika yeye kwa kunihurumia."

Aliacha kuchambua. Mzee, sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika polepole vile. Kwanza hakuamini, kisha akaamini, kisha akakasirika, na hasira ile haikujua iende wapi. "Miezi yote hii," alisema. "Ukanyamaza. Mwenzio akazikwa na maneno yangu juu yake."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na leo umekuja kutafuta nini? Nikupe pole?"

Nikasema nimekuja kuomba vipande.

Alisimama akaingia ndani, nikadhani ndiyo basi. Nikachukua mkoba wangu. Mama Debora akasema, "Keti, mwanangu, bado hujanywa maji." Kisha akapaza sauti kumwita mumewe kule ndani, kwa Kigogo kwanza, halafu, nadhani ili na mimi nielewe, kwa Kiswahili: "Baba Eliya, huyu amekosa kwa kunyamaza. Wewe ulikosa kwa kusema. Mtolee shuka lile."

Mwalimu akatoka na lile shuka mikononi. Lilikuwa bado limefungwa kama siku ile, hakuwahi kulifungua.

Nilikaa nalo wiki tano. Kila kipande nilikinyoosha kwa pembe yako ya ng'ombe. Shingo haikufaa tena kabisa. Nilikata kiolezo cha karatasi, nikakikunja, nikakikosea, nikakata kingine. Ya kwanza ilitoka nene mno. Ya pili haikukaa kwenye kiwiko. Ya tatu niliikata Alhamisi na nilipoizungusha ikaingia yenyewe, kwa ile sauti ndogo ya "tsk" uliyokuwa ukiipenda. Nikalehemu kwa chuma cha moto wa mkaa, kitambaa kibichi kila upande, siku moja maungio mawili tu, yasizidi. Stovu ya kupulizia nilikuwa nimeshampa fundi wa mabomba.

Nilipomaliza niliweka midomo shingoni nikaunguruma. Nyuki. Ungio la sita. Kwa macho lilikuwa zuri kuliko yote. Mwalimu asingejua, na pengine santuri isingejua. Nilibeua midomo, nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikalifungua. Nililirudia mara tatu mpaka likanyamaza. Rangi nilipaka nyeusi ya kawaida. Maua sikuyachora. Sijui kuchora, na yaliyoungua yameungua. Sikutaka kuyafunika kwa mengine ya uongo.

Mwalimu alilipokea, akapitisha kidole ndani pale palipokuwa na maua. Akalifunga kwenye sanduku, akazungusha mkono wa gramafoni, akaweka santuri, akashusha sindano. Ilikwaruza. Halafu magitaa yakatoka, ya zamani, membamba, na sauti za wanaume watatu zikaimba wimbo wa dansi ambao sikuufahamu. Mama Debora alikuwa amekaa na ungo wa mchele mapajani. Aliuweka chini. Akanyoosha mkono hewani, na Mwalimu akavua koti lake, Mzee, lile koti la vifungo vyote, akauchukua. Walicheza pale uani wakitembea kidogo tu, yeye akimwongoza asikanyage kigoda. Mimi nilitazama pembeni. Nilikuwa nasikiliza kama kuna nyuki. Hakukuwa na nyuki.

Wimbo ulipokwisha Mwalimu aliniambia, "Jumamosi uje Kibaigwa."

Sikutaka kwenda. Nilikwenda. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani, madalali wakipiga kelele, wabebaji wakipita na magunia migongoni. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya mizani isiyotumika na gramafoni iko juu ya magunia mawili ya mahindi. Aliipiga santuri moja mpaka watu wakajaa, wengi wakicheka kuona kitu kile. Kisha akasimama. Watu waliokuwa wanafunzi wake wakanyamaza kabla hajafungua mdomo. Nadhani miili yao ilikumbuka.

"Mnamkumbuka Ndahani fundi bati," alisema. "Nilisema hapa hapa kwamba aliniharibia tarumbeta hili. Nilisema macho yake yamekwisha. Haikuwa kweli. Hakuligusa. Alibeba kosa la mwingine, na mimi nikambebesha zaidi. Mwalimu akiandika kosa ubaoni, lazima arudi alifute mwenyewe, mbele ya wale wale aliowafundisha."

Dalali mmoja akauliza, si kwa kejeli, "Sasa Mwalimu, mzee mwenyewe hayupo. Anafutiwa nani?"

"Ndiyo maana nasema kwa sauti," akajibu.

Watu wakaanza kuuliza ni nani basi aliyeharibu. Mwalimu hakunitaja. Hata hakunitazama. Alitazama mahindi. Nikaelewa kwamba ananiachia mlango, kama vile ningeweza kupita na kwenda zangu. Nikasema, "Ni mimi," ila sauti haikutoka vizuri, lori lilikuwa linarudi nyuma. Nikasema tena. "Mimi ndiye niliyelichoma. Naitwa Zaituni. Mzee Ndahani alikuwa fundi wangu."

Walinitazama wote. Uliniambia hakuna atakayeniletea hata kijiko, na nilikuwa tayari iwe hivyo. Mwanamke mmoja mnene, mfanyabiashara, mwenye daftari kwapani, akanisogelea. "Wewe ndiye uliyelichoma?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyelitengeneza?"

"Ni mimi pia."

Akainama akachungulia ndani ya tarumbeta, akagonga petali kwa kucha. "Ghala langu linavuja," akasema. "Uje ulione. Na ukiliharibu, najua utaniambia."

Nimeshaliwekea gata, Mzee. Halivuji.

Nilikwenda kwa mkeo pia, ili asiyasikie kwa watu. Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa, akaniambia alijua tangu siku ile ile. Anasema ulirudi nyumbani mapema, ukaketi, ukaomba uji, ukamwambia, "Mke wangu, leo nimepata fundi." Akakuuliza amefanya nini cha ajabu. Ukamwambia, "Amelilia bati."

Nilikuwa nadhani ulinivumilia. Miezi yote ile nilidhani kila ukinitazama unaona vipande vinane juu ya meza. Sikujua, Mzee wangu. Nimelia tena, ila kilio kingine.

Watu wananiita Fundi Zai sasa. Mwanzo nilikuwa nageuka kutafuta wanayemwita. Kanisa lenu limenipa gata zake, mimi Mwislamu wa Kondoa, mchungaji akasema maji ya mvua hayaulizi dini. Nilipanda juu nikakuta kazi yako ya miaka mingi, maungio yale ya mwanzo, hakuna hata moja lililofumuka. Niliyaacha kama yalivyo. Nilibadilisha yaliyoliwa na kutu tu, na nilipofika kwenye yako nilipitisha mkono juu yake, nikiwa peke yangu juu ya ngazi, jua la saa tano likinichoma mgongo, na nikaona wazi ni kwa nini watu walikuamini miaka yote ile.

Pumzika, Mzee Ndahani. Pumzika na jina lako zima. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea, maana moto ni moto na mikono ni mikono. Ninachokuahidi ni hiki: nikikosea, hakuna mtu mwingine atakayesimama kati yangu na mwenye kazi. Nitasimama mwenyewe, nitasema ni mimi, kisha nitaomba vipande.

Mwanao katika kazi,
Zaituni